Shoka Nyuma ya Mlango

Ruponda, Nachingwea
29 Septemba 2024

Wifi Hajra,

Shikamoo. Pokea salamu kwanza, ugomvi utafuata. Binti yako Yasmini naye msalimie. Nadhani bado anang'aa tangu mlipomtoa mwali mwezi wa sita.

Usishangae kuletewa karatasi. Ule ujumbe wa sauti ulionitumia, wa kumsema kaka yangu Imrani kuwa mdomo wake ni gunia lisilo na kamba, ulifika mpaka kwenye kundi la simu la wakulima wetu. Nani aliishika simu yangu akausambaza, sijui mpaka leo. Magreti mtunza ghala alinisikilizisha mwenyewe huku anacheka. Kwa hiyo mimi na simu basi. Barua hii anakuletea Andrea dereva, na nimeifunga kwa ugali. Ukikuta umebanduka, ujue imesomwa njiani.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kikundi chetu kinauza ufuta nje kwa sababu ni safi, hauna dawa wala mbegu zilizochezewa maabara. Mwaka huu mzigo umekataliwa. Alfred, bwana shamba wa mnunuzi, alikuja na sura ya msiba akatuambia wamekuta vumbi la soya ndani yake, tena soya iliyobadilishwa vinasaba. Kidogo sana, kasema, kama chumvi ya kijiko kimoja kwenye pipa la maji, lakini wanunuzi wale hata hicho kijiko hawakitaki. Nani analima soya hapa Ruponda? Tukacheka. Lakini kila kaya inapopeleka ufuta ghalani huacha chupa moja ya ufuta wake, ikafungwa kwa lakiri. Zimepimwa zote. Chupa yenye soya ni moja tu, wifi, na ni ya kwetu.

Alfred anasema chanzo kikijulikana kikundi kitaendelea kuuza. Kisipojulikana mnunuzi anaondoka, na hapo tumekwisha wote. Basi kijiji kizima kinatazama mlango wangu. Na unajua huku kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke, hivyo likiharibika jambo, mgeni ndiye aliyeliharibu. Mjomba Shaban ameshasema mbele za watu kwamba Rahimu aliingiza mbegu za ajabu kwenye shamba la marehemu mama yangu. Rahimu alimaliza kula, akanawa, akatoka, na hajarudi. Shoka aliloingia nalo siku ya kwanza bado liko nyuma ya mlango, kwa hiyo bado ni mume wangu. Kwetu ndoa huisha siku shoka la mwanamume linaporudishwa kwao, na Mjomba ameanza kuliangalia sana.

Nakuuliza kitu kimoja. Rahimu alipotoka kwako kwenye ngoma ya Yasmini, alirudi na kifurushi kidogo cha kitambaa, amekificha ndani ya koti. Nilimuuliza ni nini, akasema tumbaku. Rahimu havuti wala hanusi. Ulimpa nini?

Wifi yako,
Zulfa


Nanganga, Ruangwa
5 Oktoba 2024

Mke wa mdogo wangu, Zulfa,

Marahaba. Barua imefika. Ugali umeliwa kona moja na panya, kwa hiyo usimshuku Andrea, mshuku panya, maana wewe usiposhuku huli ukashiba.

Yasmini hajambo, ananenepa tu. Watu wa hapa wanaisifia ile ngoma mpaka leo. Kungwi mwenyewe alisema siku nyingi hajaona mwali aliyetoka vizuri namna ile, na yule mama hasifu hovyo. Nilivyohangaika peke yangu, bila mume, na mvua zile za mwaka huu, Mungu ndiye anajua.

Rahimu simwoni huku. Akitokea nitamwambia mkewe analia, ingawa kwenye barua yako sijaona chozi, nimeona upelelezi.

Nikuambie ukweli wa mtu mzima? Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka yako Imrani analitaka hilo shamba la mama yenu tangu mama yenu yuko hai. Akiondoka Rahimu utalima na nani? Utamwita kaka yako, na Imrani akishaingia mahali hatoki. Hata hilo kufuli jipya la ghala, nani kalinunua? Imrani. Funguo anatembea nazo nani? Imrani. Halafu mnashangaa chupa kuingia vumbi! Mtazameni aliyeko ndani kabla ya kumtazama aliyetoka Nanganga na shoka lake begani, kijana wa watu asiyejua hata kugombana.

Ama kifurushi, wewe umechezwa unyago kwenu, mimi nimechezwa kwetu. Mambo ya mwali hayaandikwi kwenye karatasi akapewa dereva. Kama alisema tumbaku, basi ni tumbaku.

Wifi yako mkubwa,
Hajra


Ruponda
12 Oktoba 2024

Wifi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikakasirika. Mara ya pili nikacheka. Mara ya tatu nikaliona kufuli.

Mimi sikukuandikia habari ya kufuli. Lilifungwa asubuhi ya siku ileile aliyoondoka Rahimu, na waliokuwepo ni watu wa hapa. Kwa hiyo yuko kwako, anakula ugali wako, nawe unaniandikia humwoni. Labda hata sasa amekaa nyuma yako. Mwambie namsalimu.

Imrani nilimfikiria kabla hujaniambia. Ni ndugu yangu, namjua. Nilikwenda ghalani na Magreti tukaitazama lakiri ya chupa yetu, nzima, na sahihi yangu juu yake. Ningependa sana awe Imrani, wifi, lakini si yeye.

Sasa nakuambia neno ambalo sijamwambia mtu. Tulipokwisha kupura, ufuta ukiwa umetandazwa kwenye turubai unasubiri kupetwa, niliamka alfajiri nikamkosa Rahimu kitandani. Nikachungulia. Alikuwa uwanjani, amevua viatu, anaizunguka turubai na kumwaga kitu cheupe kwa vidole vitatu, midomo inacheza. Nilirudi kulala nikajifanya sijaamka. Mchana nikapeta ufuta ule na wanawake wenzangu, sikufungua mdomo.

Nilidhani ni dawa. Tumeishi miaka hii yote bila mtoto, na wewe kwenye arusi ya Imrani ulisema watu wakisikia kwamba mti usiozaa hupisha mwingine. Mimi sisahau. Nikasema moyoni, wifi amempa mdogo wake kitu cha kunifunga, au cha kunifukuza kwenye shamba langu mwenyewe. Nimekaa na wazo hilo tangu mwezi wa sita, tunakula sahani moja, namtazama anavyomega.

Mkutano wa kikundi ni tarehe 16 Novemba. Nikisema nilichoona, watampata wa kumtupa. Nikinyamaza, kikundi kizima kinakosa soko. Na Mjomba Shaban amekwisha sema kwamba siku hiyo shoka linapanda gari. Nakuuliza tena, ulimpa nini?

Zulfa


Nanganga
20 Oktoba 2024

Mke wangu Zulfa,

Assalaam aleikum. Ni kweli niko kwa dada tangu siku ile. Mimi ndiye niliyemwomba aseme sipo, usimlaumu kwa hilo. Lakini barua yako ya pili hakunipa. Niliiona chini ya mtungi nilipokwenda kunywa maji.

Uliyoyaona ni kweli. Sikujua kama uliona. Nilimwaga kwa mkono wangu. Si dawa, si mbegu, si sumu. Siwezi kukuambia ni nini, kwa sababu kwetu ukimwambia mke wako, ubaya unamrudia mtu ambaye hana kosa, na mtu huyo ni mtoto. Nilipewa kama mjomba nikafanya inavyompasa mjomba. Kuapa naweza. Naweza kuapa mbele ya Mjomba Shaban kwamba kitu kile kimelimwa na ukoo wetu kwa jembe letu na soya hakijawahi kuiona. Lakini nikiapa wataniuliza kitu gani, na hapo nitanyamaza, na kunyamaza kwangu watakuita wizi.

Ukitaka kusema ulichoona, sema. Shamba ni la mama yako. Sitakukasirikia.

Ila hilo la kukufunga, hapana Zulfa. Wallahi hapana. Niliomba kinyume chake. Midomo uliyoiona inacheza ilikuwa inataja jina lako. Inaniuma kwamba ulikuwa unaniangalia ninavyomega.

Paa la jiko linavuja upande wa jua linakotoka. Usimruhusu Imrani apande, mbao zimeliwa na mchwa naye ni mzito.

Mumeo,
Rahimu Abubakary


Ruponda
27 Oktoba 2024

Wifi Hajra,

Shikamoo. Rahimu ameniandikia. Nimelia, wewe uliyelitafuta chozi sasa umelipata.

Alfred amerudi na majibu ya kipimo cha pili. Siyo mbegu. Ni unga. Soya na mahindi vimesagwa pamoja, na vyote viwili ni vya maabara. Kwa hiyo hatafuti tena mashambani, anatafuta majikoni. Ameingia nyumba kwa nyumba kuuliza chakula cha kuku, kuuliza uji wa watoto. Kwangu alinusa kila kopo, mpaka la hina. Hakupata kitu, na watu waliojaa uwanjani wakatazamana.

Walipoondoka nikakaa kwenye kinu nikafikiri. Rahimu anasema alipewa kama mjomba. Mimi nimechezwa, wifi. Siku ya kutoka, mwali hupakwa unga, kwenu na kwetu, na nadhani unaobaki ndio anaokabidhiwa mjomba. Sitauliza kupita hapo, sitaki Yasmini apatwe na ubaya kwa mdomo wangu. Lakini unga wa mwali ni mtama, tena mtama wa shamba la ukoo wa mama yake. Hakuna mwanamke wa huku asiyelijua hilo. Na mtama hauwezi kuzaa soya.

Basi mmoja wenu ananidanganya. Rahimu hajui kudanganya. Aliposema tumbaku alikuwa anatazama miguu yake.

Mwaka huu mvua ilipiga mpaka mwezi wa tano. Mtama wangu uliozea shambani, nikapata wa kujaza kikapu kimoja. Wa kwako ulipona?

Zulfa


Nanganga
3 Novemba 2024

Zulfa,

Sina salamu.

Mtama wangu ukipona ukioza ni wangu. Wewe umekuwa nani mpaka unipekue mashamba ukiwa Ruponda? Mwanangu alitolewa mchana kweupe, akapigiwa vigelegele, akaitwa mwanamke. Sasa neno likiteleza hapa kwamba alipakwa sijui nini, kungwi atasema huyu hakuchezwa, arudi ndani. Na wanawake watatunga wimbo. Unazijua nyimbo za huku, haziishi. Mtu anazeeka, anapata wajukuu, na siku ya ngoma bado anaimbwa kosa la mama yake. Wewe huna mtoto wa kuimbwa, ndiyo maana kalamu yako nyepesi.

Hilo la mwisho nimeliandika kwa hasira na sina karatasi nyingine. Liruke.

Usiniandikie tena habari za mwanangu na soya za Wazungu.

Rahimu amekonda. Anachonga mipini ya majembe kutwa nzima, na hana wa kumuuzia.

Nakuuliza jambo moja, si kwamba lina maana. Huyo Alfred wenu, akiletewa unga wenyewe, anaweza kujua ndio huo au sio huo?

Hajra


Ruponda
8 Novemba 2024

Wifi,

Shikamoo, hata kama umeninyima salamu.

Anaweza. Nilimuuliza kwa kuzunguka, kana kwamba nataka kujua uji gani unafaa kwa wagonjwa. Kijiko kimoja kinamtosha.

Nilikuwa nimepanga kukusukuma zaidi. Nilishaanza barua nyingine kali, nikaichana. Nyimbo nazijua. Siku ya arusi ya Imrani niliimbwa mimi, wimbo wa mgumba, nikiwa nimebeba sinia la pilau. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Na katika walioitikia niliisikia sauti moja inafanana na ya kwako. Sitaki Yasmini aonje hicho.

Kwa hiyo nimeamua. Niliyoyaona alfajiri ile sitayasema mkutanoni. Wakilifungia shamba la mama, walifungie. Kikundi kikinichukia, nitazoea. Sitasimama mbele ya watu niseme mume wangu alimwaga kitu, wakati najua hata yeye hakijui alichomwaga. Shoka likirudi, litarudi mimi nimefunga mdomo.

Mwambie Rahimu sikumwamini, na sasa namwamini. Au usimwambie, maana barua ukizipata wewe zinakwenda chini ya mtungi.

Zulfa


Ruponda
17 Novemba 2024

Rahimu,

Sijui nikuite mume wangu au vipi, maana shoka limekwisha fika kwenu. Mjomba Shaban hakusubiri mkutano. Alilifunga kwenye gunia asubuhi na mapema akampa Andrea. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi nikaona ukuta mtupu nyuma ya mlango, nikakaa chini palepale na ndoo kichwani. Andrea ameniambia alikukabidhi mkononi pale njia panda ya Nanganga, na kwamba dada yako alikuwa upande wa pili wa barabara anapanda gari la kuja huku. Andrea anasema alikuaga anakwenda hospitali kutazamwa mgongo.

Hakwenda hospitali. Alikuja kwetu.

Tulikuwa kwenye darasa la shule, watu mpaka madirishani. Mjomba amesimama anakuhukumu, amefika kwenye neno mgeni, mara Hajra huyo mlangoni. Hakupiga hodi. Amevaa kanga za sherehe, zile za ngoma ya Yasmini. Akapita katikati ya watu, akafungua kifundo, akatoa mfuko wa karatasi uliobaki unga nusu, akautua mezani mbele ya Alfred.

Akasema, "Mnachokitafuta hiki hapa. Ni unga wa msaada, wa uji wa watoto wadhaifu. Niliununua mnadani kwa mwanamke anayeuuza kwa kificho. Mtama wangu ulioza karibu wote. Nikachanganya, chini huu, juu mtama kidogo upate rangi, nikampa mdogo wangu na yeye akijua ni mtama wa mama yetu. Hakupanda mbegu, hakuiba, hakujua. Mkitaka mtu, niko hapa."

Mjomba akamuuliza huo unga ulikuwa wa kazi gani. Dada yako akamwambia, "Mzee wangu, mwanamume mwenye mvi haulizi hilo mkutanoni." Wanawake wote wakainama kucheka, na hapohapo wakaelewa, Rahimu. Niliona kwenye nyuso zao. Magreti alikuwa ameinua simu tangu mwanzo, anarekodi. Nilimfuata nikamwomba afute, akasema ameshatuma.

Alfred alisoma maandishi ya mfuko, soya na mahindi. Ataupeleka kupimwa, lakini amesema kikundi kitabaki na mnunuzi wake. Shamba letu limesimamishwa msimu mmoja, halitauza nje. Tutalima chakula. Imrani aliniangalia kana kwamba anataka kusema kitu, kisha akaomba nimpe maji ya kunywa. Nadhani ndiyo samahani yake.

Mjomba anasema shoka lililorudishwa halifuatwi. Lakini mwenyewe akilileta kwa mkono wake, hana ubavu wa kumfungia mlango. Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili akinitazama mimi.

Nilikushuku, Rahimu. Nilikuwa naonja mboga niliyoipika mwenyewe kwa kukuogopa wewe. Nisamehe.

Usimfokee dada yako. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Gari lilipotokea ndipo akaniuliza, "Unadhani watamwimba?"

Zulfa


Nanganga
14 Desemba 2024

Wifi yangu Zulfa,

Salamu nakupa nyingi, pamoja na zile za mwezi uliopita nilizokunyima.

Rekodi ya Magreti ilifika Nanganga kabla yangu. Nimeshuka kwenye gari, muuza chapati ananitazama kwa huruma, nikajua. Kungwi alikuja jioni ileile. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliniogopesha. Akasema shule zikifungwa mtoto anarudi ndani, tunaanza upya. Rahimu wiki nzima alikuwa anakata kuni, anaziweka mlangoni kwangu, anaondoka.

Tumemtoa tena Yasmini juzi. Na wameimba, wifi. Ila wameniimba mimi. Mama wa mfuko, mtama wake umeandikwa Kizungu. Wimbo mzuri, mtungaji ni jirani yangu, ana kipaji mshenzi yule. Nikaona nikilia watauhamishia kwa mtoto, basi nikaingia katikati nikaucheza, mgongo huuhuu mbovu. Yasmini alinitazama, akacheka, na kungwi akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe. Usiku nililia, lakini chumbani kwangu.

Mtama tuliupata kwa mama mdogo Sofia. Ana kibuyu cha mbegu ya ukoo kimening'inia juu ya mafiga tangu enzi ya bibi yetu, kila mwaka anakijaza upya. Umekuwa mweusi kwa moshi. Nilimpigia magoti akanipa. Nimeusaga mwenyewe, sikumwachia mtu hata kinu.

Rahimu anaondoka Jumanne na shoka lake. Ndani ya koti atakuwa na kifurushi. Hukijui, sijakuambia. Atatoka alfajiri kwenda kwenye mbegu zenu za msimu. Wewe geukia ukutani ulale. Akijua kwamba unajua, kazi yote ni bure, na mtoto hatuwezi kumrudisha ndani mara ya tatu.

Ile sauti uliyoisikia kwenye arusi ya Imrani, ulisikia vizuri.

Wifi yako,
Hajra


Ruponda
19 Desemba 2024

Wifi Hajra,

Shikamoo. Amefika. Alipiga hodi kama mposaji, shoka begani, na Mjomba Shaban aliyekuwa uwanjani akajifanya anatafuta miwani yake mpaka mtu akapita ndani. Shoka liko nyuma ya mlango. Jiko halivuji tena.

Mwambie Yasmini namtumia kanga, Andrea anayo. Asiivae kisimani.

Leo alfajiri nilimsikia anatoka. Niligeukia ukutani kama ulivyoagiza, nikafumba macho, sikuona kitu wala sijui kitu.

Ila jana, alipokwenda kuoga, nilikifungua kile kifurushi nikaonja kwa ncha ya ulimi, kisha nikalifunga fundo kama lilivyokuwa.

Ni mtama, wifi. Una moshi.

Zulfa